Beri Isiyochumwa

Hapa Kainuu, kaskazini ya Ufini, watu hawalalamiki.
Mtu huingia kidole kimefungwa kitambaa
na kwanza huniuliza kama gari langu limewaka,
maana nje ni digrii ishirini na nane chini ya sifuri.
Maumivu hutajwa mwisho,
mkono ukishashika kitasa.

Ndivyo alivyofanya Veikko Tolonen, mkata miti.
Alikuja kwa ajili ya goti.
Mlangoni akageuka: "Na kichwa, Jumapili, kiliniuma kidogo."
Kidogo.
Nikaandika: misuli ya shingo. Nikampa vidonge.
Sikuuliza kilianzaje,
kama kilipanda polepole mithili ya maji jikoni
au kilipiga ghafla, shoka likiwa bado hewani.
Ijumaa mkewe aliona moshi wa sauna umekatika,
akatoka na tochi.

Tangu hapo nina swali moja,
nalibeba kama wengine wabebavyo rozari:
Kilianzaje?
Wakijibu, "Tangu juzi, kinakuja kinaondoka,"
napumua, nauliza usingizi, miwani, kahawa.
Lakini akisema, "Daktari, nilidhani nimepigwa ubao,
nikageuka, hapakuwa na mtu,"
kalamu naiweka chini, simu naiinua.
Hata kama sasa anacheka.
Hata kama amekuja kwa skii.

Na kuna wasiosema kabisa. Mwili huwasemea.
Aune Karppinen, dereva wa basi la shule,
alitaka tu cheti kipya cha dawa ya presha.
Kope yake ya kushoto ilikuwa imeshuka
kama pazia lililochomoka ndoano moja.
"Uchovu," akasema. "Nina watoto kumi na mmoja na barabara ya barafu."
Nikamulika. Mboni ya kulia ikajikunja.
Ya kushoto ikabaki wazi, nyeusi, pana,
kama tundu lililotobolewa katikati ya ziwa lililoganda.

Nilisikia damu yangu mwenyewe masikioni.
Nikampigia daktari wa zamu, Oulu. Sikusema "labda".
Helikopta ilishindwa, theluji ilikuwa ikianguka kwa ubavu;
ikaja ambulensi, kilomita mia mbili,
na Aune, chali kwenye machela,
akawa anamwelekeza dereva kona zipi ni mbaya.

Walimwahi. Alirudi na kovu na kofia mpya.
Basi sasa linaendeshwa na mwingine, anayekwenda mno kasi, asema.

Kisha nikamwita dada yake, Helvi,
kwa sababu mama yao pia alianguka, zizini,
ndoo ya maziwa mkononi,
na wakati ule watu walisema ni moyo.
Picha ikaonyesha: milimita tatu,
kivimbe pale mshipa unapogawanyika,
kama beri kwenye kikonyo chake.
"Mnaitoa lini?"
"Hatuitoi. Kwa udogo huu, kisu kina hatari zaidi yake.
Tutapiga picha tena mwakani. Wewe acha sigara.
Presha tutaishika hapa hapa, mimi na wewe."

Methali zinajua ufa wa kuziba.
Sijapata hata moja
ya ufa wa kutazamwa tu.

Helvi alinyamaza, kimya kile cha kwao,
ambacho mgeni hudhani ni hasira.
Halafu: "Tangu utotoni nachuma beri, ndoo kwa ndoo,
mama hakuturuhusu kuacha hata moja kichakani.
Leo nimepewa yangu, naambiwa nisiiguse."

Septemba aliniletea chupa ya jamu.
Presha: mia moja ishirini na sita kwa sabini na nane.
Sigara: mbili, akakiri, siku ya mazishi ya jirani.
Tukazungumza kuhusu uyoga.
Akasimama, akafunga koti, akashika kitasa.

Nikangoja,
kama ninavyowangoja wote siku hizi,
mpaka mlango ulipofungwa kabisa
na hatua zake zikaisha kwenye changarawe.